Mziki wa vikao vya silosaibini: masaa sita unayajazaje?

PediNzito

Wakuu habari zenu. Mi ni prodyuza, kazi zangu nyingi ni mziki wa nyuma wa filamu za makala na ambienti zangu mwenyewe, mziki tulivu wa kutandaza, zile pedi ndefu (sauti laini za kinanda zinazovutwa) na piano inayosikika kwa mbali. Sasa kuna timu ya watafiti wenye kibali chao wameniomba niwatungie mziki wa vikao vya silosaibini, ile kemikali ya kwenye uyoga, wanaijaribu kwa watu wenye sonona iliyogoma kusikia dawa za kawaida. Kwa walivyonielezea mtu anameza dozi, analala, anafunikwa macho kwa kitambaa, anavaa hedifoni, terapisti wawili wanakaa nae muda wote, na mziki unatembea toka anameza mpaka anarudi. Brifu waliyonipa ni fupi mpaka inachekesha: masaa sita, usitie maneno, usiwe wa huzuni sana wala wa furaha sana. Basi.

Nimeshatunga kipande cha kama lisaa hivi, kukisikiliza ni kizuri ila kinakaa palepale, hakiendi popote, na nikijaribu kukipandisha kinageuka trela ya sinema, madude yanagonga, mafidla yanapiga kelele, unasubiri tu lile jisauti zito lianze kutangaza. Nisaidieni hapo. Vingine vinavyonisumbua ni sauti ya mtu, niweke au nisiweke, midundo je, masta, yaani ule usawazishaji wa mwisho wa sauti, naifanyaje maana hii sio kazi ya kupeleka redioni, halafu kuna rekodi nimezipata za waganga wa Amazon wanaimba, ni tamu balaa, naweza kuzikatakata nikazitia humo? Na je ni lazima mtungaji awe ameshawahi kuitumia hiyo dawa? Maana mi sijawahi na sina mpango huo.

MamaNoti

Kaka karibu. Mi ni mtaalamu wa tiba kwa mziki na nimekaa ndani ya vikao vya namna hii kama msaidizi, kwa hiyo nitaongea sana, univumilie.

Acha kwanza kuhesabu masaa, ifuate dawa inavyotembea mwilini. Silosaibini ya kumeza inaanza kujisikia baada ya dakika 20 mpaka 40 hivi, inapanda, kilele kinaangukia mle kwenye saa la pili na la tatu, halafu inashuka taratibu mpaka saa la tano la sita mtu anakuwa karibu amerudi. Ingekuwa LSD, dawa nyingine ya aina hii, ungeandika kwa siku nzima, ingekuwa ketamini ya sindano yote ingeisha ndani ya lisaa na kilele kingekuja haraka hata hujapumua. Ndo maana ukiambiwa "mziki wa saikedeliki" swali la kwanza ni saikedeliki (dawa ya kubadili fahamu) gani na inaingiaje mwilini, kabla hata hujagusa kinanda.

Hii hesabu sio mpya. Helen Bonny alikuwa mpiga fidla akawa mtaalamu wa tiba kwa mziki, alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya akili cha Maryland kule Marekani wakati bado wanaruhusiwa kutumia LSD kwa wagonjwa. Makala yake na daktari Walter Pahnke ilitoka 1972, Pahnke mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, na ndani yake walikigawa kikao vipande sita: kabla dawa haijashika, inaposhika, inapojenga kwenda juu, kilele, kurudi, na kuwa mtu wa kawaida tena. Zaidi ya miaka 50 imepita na mpaka leo watu wanaopanga huu mziki wanatembea na ramani ileile wakiibadilisha hapa na pale. Wewe ichukue hivyohivyo, ipunguze tu iingie kwenye masaa yako.

Sasa kuhusu trela ya sinema, hapo ndo penye raha. 2017 Frederick Barrett na wenzake wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwauliza watu wazoefu wa kuongoza vikao vya silosaibini, mziki gani unafaa kileleni na upi unafaa kabla ya kilele, halafu wakauchambua ule mziki kwa masikio na kwa kompyuta. Wa kileleni ulikuwa na sentensi za mziki zinazotabirika, zenye mpangilio, unahisi unaenda mbele bila kukatika na unajenga polepole, na kumbe mng'ao wake wa juu ulikuwa mdogo kuliko ule wa kabla ya kilele. Soma tena hapo kwenye mng'ao. Trela inafanya kinyume chake chote, inakushtua, inakatisha, inamwaga masauti makali ya juu ili ukae macho kwenye kiti. Mtu aliyeko kileleni hahitaji kushtuliwa, ameshashtuka. Kazi ya mziki pale ni kazi ya mbeleko, umbebe asianguke na umwache aangalie anakotaka mwenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kazi yako ipande bila kuwa sinema, usiongeze ala, ongeza uzito wa chini na urefu wa pumzi. Chukua mzunguko wa kodi (noti zinazopigwa pamoja) nne au sita, urudie, kila ukirudi sauti moja ya chini inakuja karibu zaidi, mstari mmoja wa katikati unapanda hatua moja, basi. Mabadiliko yakae kwenye dakika, sio kwenye sekunde. Utasikia kama hufanyi kitu, utatamani kutia mbwembwe, usitie.

Kuna sababu nyingine ya kujizuia. Katrin Preller na wenzake kule Zurich mwaka huohuo wa 2017 waliwasikilizisha watu nyimbo ambazo wenyewe walishasema hazina maana yoyote kwao, wakiwa wametumia LSD zilezile nyimbo zikaanza kuwa na maana kubwa, na walipopewa kwanza ketanserini, ambayo inaziba kipokezi cha serotonini kinachoitwa 2A, ile maana ikapotea. Kwako wewe mtungaji maana yake ni kwamba msikilizaji atakuja na kipaza sauti chake cha hisia kishawashwa. Ukiweka huzuni kiasi unachoweka kwenye makala ya watoto waliopotea, yeye atapokea msiba. Andika kila hisia nusu ya unavyotaka, nusu nyingine ataijaza mwenyewe, na atajaza ya kwake sio yako, ndo uzuri wake.

Sauti ya mtu weka, ila sio maneno anayoyaelewa. Maneno yanamshika mtu mkono na kumpeleka kwenye stori ya mwimbaji. Kwaya inayoimba "aa" na "oo", au lugha ambayo washiriki hawaijui, inafanya kazi nzuri sana hasa kileleni, watu wengi husikia kama kuna mtu yuko nao. Waulize watafiti washiriki wao wanaongea lugha zipi kabla hujachagua.

Na hapana, sio lazima uwe umeitumia. Nchi nyingi bado ni kosa la jinai na wewe umeombwa kutunga, hujaombwa kuwa mgonjwa. Lakini kuna zoezi moja silisamehi: lala chini, funika macho, vaa hedifoni, sikiliza kazi yako yote toka mwanzo mpaka mwisho bila kusimamisha na bila simu. Masaa yote. Prodyuza wengi hawajawahi kusikiliza kazi yao wakiwa wamelala, wanaisikiliza wanaiangalia kwenye skrini, na skrini inadanganya, inakuonyesha mabadiliko yanakuja kabla sikio halijayasikia.

FundiMita

MamaNoti kamaliza upande wa tiba, mi nije na nyaya.

Masta: sahau vita ya sauti kubwa. Kwenye huduma za kustrimu watu wanapigania kukaa karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ili wasipotee, hapa hakuna jirani wa kushindana nae, kwa hiyo limita, kile kifaa cha kuzuia sauti isivuke kiwango, iweke kwa usalama tu isikubane. Ila usiende upande wa pili ukaacha tofauti kubwa mno kati ya kimya na kelele kama rekodi za okestra, na hapa ndo wengi wanateleza, maana kinachotokea kwenye chumba ni hiki: kipande kinakuwa chini sana, mshiriki anasikia viatu kwenye korido, terapisti anaamka anaongeza volyumu, dakika kumi baadae mziki wako unapanda na yule mtu anapigwa nao kichwani akiwa hajui hata mikono yake iko wapi kuvua hedifoni. Nenda katikati. Kilele kiwe kizito kwa sababu ala zimejaa, sio kwa sababu desibeli zimeruka.

Miingilio ya ghafla ifute yote. Pitia kila noti ya piano, kila kengele, na ulainishe ule mwanzo wake. Masauti ya juu yale ya kisukisuki punguza kwa ikwalaiza, kwa mtu wa kawaida yanaitwa mng'ao, kwa mtu mwenye dozi yanaitwa sindano ya sikio. Na besi angalia pia, mlio mzito wa chini kabisa unaokaa muda mrefu bila kusogea watu wengi wanausikia kama hatari inakuja, hata sinema za kutisha zinajua hilo.

Sauti za mazingira: mvua na upepo sawa, ndege sawa ila wasiwe karibu. Maji yanayotiririka weka mwishoni au usiweke kabisa, sitaki kueleza sana, masaa sita mtu amelala na ameshakunywa maji, fikiria mwenyewe choo kiko mbali kiasi gani kwa mtu anayeona kuta zinapumua 😂. Mapigo ya moyo yaliyorekodiwa usithubutu, mtu ataanza kulinganisha na ya kwake.

Kucheza: faili liwe kwenye mashine yenyewe, sio mtandaoni. Matangazo katikati ya kilele ni kitu ambacho kimeshawahi kuwatokea watu na hakisahauliki. Waya, sio bluututhi. Notifikesheni zizimwe. Mashine ya pili ikae tayari na faili lilelile. Na mziki usikike kwenye spika za chumbani pia, sio hedifoni peke yake, ili mtu akivua hedifoni asitumbukie kwenye ukimya wa ghafla, na terapisti nao wajue mtu wao yuko wapi ndani ya mziki. Kwa hiyo miksi yako ijaribu kwenye hedifoni nzuri na kwenye spika ndogo za kawaida, vyote viwili, na usitegemee maajabu ya kushoto na kulia kwa sababu kwenye spika ya kona yatapotea.

Tetesi_za_Jana

Mi nitapinga kidogo maana naona mnamjengea jamaa sheria kama za msahafu. Hiyo ramani ya kupanda na kushuka ilijengwa na watu waliopenda mziki wa okestra wa Ulaya, wakachagua mziki wa okestra wa Ulaya, halafu wakachunguza kwanini ule mziki unafaa. Lazima ufae!

Johns Hopkins hawahawa, Justin Strickland na wenzake, utafiti wao ulitoka 2021, walikuwa na watu 10 wanaotumia silosaibini kuacha sigara. Kila mtu alipata kikao kimoja na okestra za kimagharibi na kikao kingine na mziki wa gongo (lile sahani la shaba la kugongwa), bakuli za Tibet, didjeridu (bomba refu la mbao la kupuliza) na vitu vya namna hiyo vinavyovuma kwa muda mrefu, halafu kikao cha tatu mtu anachagua mwenyewe. Sita kati ya kumi walichagua mivumo. Kuacha sigara pande zote hazikutofautiana kivile, na uzoefu wa kiroho ulielekea kuwa juu kidogo kwenye mivumo. Ndio najua watu kumi ni wachache, usinipige mawe, lakini inatosha kusema kwamba fidla hazina hatimiliki ya roho za watu.

Na kuna jambo ambalo watunzi wanalisahau, mziki una historia ndani ya mtu. Kwaya na kinanda cha kanisa kwa mmoja ni mbingu, kwa mwingine ni yule mchungaji aliyemuumiza utotoni. Gongo kwa mmoja ni amani na kwa mwingine ni matangazo ya spa. PediNzito pedi zako zina faida moja kubwa, hazina kwao. Zitunze hivyohivyo. Ile kukaa palepale unayoilalamikia mi ningeiacha kwenye nusu nzima ya kazi.

Kuhusu urefu usiogope, East Forest alishatoa kazi ya masaa matano 2019 kwa ajili ya vikao vya uyoga, na kwa kiasi kikubwa ni kukaa tu na kusogea kidogo. Watu wanaitumia.

MamaNoti

Tetesi hapo kwenye historia ndani ya mtu nakupa zote. Ila mivumo nayo ina mwendo wake, gongo linajaa na kupungua, usimwambie jamaa asimame. Mtu aliyekwama kwenye kitu kizito huku mziki nao umekwama anaweza kukaa humo nusu saa anazunguka tu. Hapo mziki unaosogea unampa mlango.

KambaNane

Naomba nijibu lile swali la rekodi za waganga maana mmelirukaruka.

Jibu fupi ni usizikate. Jibu refu ni kwamba zile nyimbo unazoziita tamu, kama ni za Washipibo wa Peru upande wa mto Ucayali, zinaitwa ikaro, na kwa wao ikaro ndo matibabu yenyewe, ayahuasca, kile kinywaji chao cha mimea, inafungua na wimbo unafanya kazi. Mganga anaimba gizani, wengine wanatikisa fungu la majani linaloitwa chakapa, anakwenda kwa mtu mmoja mmoja na kumwimbia yeye, kwa hali yake ya usiku huo. Wewe una rekodi ya mganga akimtibu mtu fulani ambaye humjui, kwa ugonjwa ambao huujui, na unataka umwekee mtu mwingine kwenye sikio akiwa hawezi kukataa. Hata kama haki miliki hazikusumbui, hiyo yenyewe haikusumbui?

Na kuna stori ambayo kila mtungaji wa mambo haya anatakiwa aijue. María Sabina alikuwa mganga wa Wamazateki, mji wa Huautla de Jiménez, Oaxaca, Meksiko, aliyekuwa anakesha na wagonjwa akiwaimbia kwa uyoga. 1955 akaja benka wa New York anaitwa Gordon Wasson, akakaribishwa kwenye mkesha, 1957 akaiandika kwenye jarida la Life, na sauti ya yule mama ikatoka kwenye santuri. Jina la mama na la mji aliyaficha kwenye jarida lakini haikusaidia. Wageni walimiminika, wenyeji wakamlaumu, polisi wakaja, nyumba yake ikachomwa moto. Kafa maskini 1985. Sauti yake bado inazunguka na watu wanaitia kwenye biti.

Sasa badala ya kuchukua sauti, chukua akili iliyomo. Angalia wenzetu wa Gabon kwenye Bwiti, dini ya mila, wanaotumia iboga, mmea wa kubadili fahamu, kuna kinubi cha nyuzi nane kinaitwa ngombi na kuna upinde wa mdomoni, mungongo, kamba moja tu unayoigonga na mdomo unabadilisha milio. Vinakwenda usiku kucha, vinazunguka, vinarudia, midundo inapishana mpaka hujui moja iko wapi, na hakuna anayechoka kwa sababu ndani ya kurudia kuna kusogezwa kudogo kusikoisha. Au Kanisa la Wenyeji wa Amerika lile lililosajiliwa Oklahoma 1918, wanaotumia peyote, aina ya kakti: ngoma yenye maji ndani, kibuyu cha kutikisa, mwendo wa haraka usiobadilika, na kila mtu ikimfikia zamu anaimba nyimbo nne halafu anampisha mwenzake. Sasa mtu akikuambia mziki wa saikedeliki lazima uwe wa polepole na pedi, muulize hawa miaka yote walikuwa wanafanya nini.

Tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba kwenye haya matambiko mpigaji yuko ndani ya chumba, mara nyingi amekunywa kilekile, anaona nani analia, nani ametulia, anabadilisha. Faili lako halioni kitu. Hiyo ndo shida yako ya kutatua, sio sampo (kipande cha rekodi) gani ya kuweka. Ukitaka sauti za watu wa mila fulani, watafute wenyewe, waalike studio, waambie wazi inakwenda kutumika wapi, wakikataa wamekataa, wakikubali walipwe na majina yao yaandikwe.

Bwana_Mikataba

Mi sijui mziki ila nimesoma swali lako nikajiuliza umesaini nini. Utafiti ukishaanza mziki unakuwa sehemu ya utaratibu wa utafiti, washiriki wote wanatakiwa wasikie toleo lilelile, kwa hiyo ile tabia yenu maprodyuza ya kurudi kila wiki "nimerekebisha kidogo miksi" hapa haipo. Toleo likifungwa limefungwa. Ulizia mapema kama kazi bado ni yako baada ya hapo, kama unaweza kuiuza kwingine, na kama jina lako litatajwa matokeo yakichapishwa. Na pesa ya masaa sita usiikubali kwa bei ya dakika tatu mara moja 😅

PediNzito

Jamani asanteni sana, sikutegemea haya yote. KambaNane zile rekodi nimezifuta kwenye projekti leo, umenimaliza na lile swali. Hiyo ya Bwiti kurudia kwa kusogezwa kudogo nimeijaribu kwenye kile kipande changu, nimeweka mistari miwili ya marimba laini yenye urefu tofauti, mmoja wa noti saba mwingine wa noti nane, kwa hiyo havikutani haraka, na chini yake kodi za MamaNoti, na kusema kweli trela imekufa. Kinatembea.

Sasa maswali mawili ya mwisho. Hilo la faili halioni kitu, nalitatuaje kama toleo lazima lifungwe? Na je, ukimya kabisa unaruhusiwa, au nikiacha sekunde 30 bila kitu mtu ataona ametupwa? Halafu mwisho unaishaje, unafifia tu?

MamaNoti

Ya kwanza: fungeni toleo lakini liwe na njia zaidi ya moja, na kanuni za kuhama njia ziandikwe kwenye utaratibu toka mwanzo. Kwa kila kipande cha safari andika kazi mbili au tatu zenye ufunguo mmoja wa mziki (noti ya msingi) au funguo jirani, moja ya kawaida, moja tulivu zaidi, ya kumshikiza chini mtu aliyezidiwa, na moja yenye msukumo kwa mtu aliyekwama au ambaye dawa haijamshika vizuri. Terapisti anahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kufifisha taratibu, dakika nzima hata zaidi. Mshiriki asisikie kiungo.

Na hii sio anasa. Mendel Kaelen akiwa Imperial College London aliwahoji wagonjwa 19 wa sonona waliopewa silosaibini, makala ikatoka 2018. Mziki uliwasaidia kwa njia nyingi, lakini kuna waliousikia kama unawasukuma kwenda wasikotaka au hauendani kabisa na kinachowatokea, na hao walikuwa wanapigana nao. Alichokuta ni kwamba jinsi mtu alivyoupokea mziki, kama aliupenda, kama uliendana nae, kama alijifungua kwake, ndiko kulikotabiri sonona kupungua wiki moja baadae, ilhali ukali wa dawa wenyewe haukutabiri. Makala yenyewe inauita mziki terapisti aliyejificha. Terapisti hamsukumi mtu. Kwa hiyo terapisti wa kuonekana wawe na ruhusa ya kumzuia aliyejificha, ikiwemo kuzima kabisa mshiriki akiomba. Usikasirike ikitokea, kuna mtu atalala masaa mawili ya kazi yako bora kwenye ukimya na atatoka amepona vizuri tu.

Ukimya unaruhusiwa ila sio wa kukatwa na kisu. Acha mwangwi ufe wenyewe mpaka mwisho, halafu pumzi, halafu kitu kidogo kiingie. Kabla ya kilele usiweke kabisa, mtu anapanda na anahitaji cha kukanyaga. Baada ya kilele weka, hata sekunde zako 30, hata dakika nzima, pale watu wengi wanahitaji nafasi. Na kabla ya siku yenyewe waombe watafiti wawasikilizishe washiriki vipande vichache kwenye kikao cha maandalizi, wakiwa wazima, ili wajue mlio wa huyo mgeni.

Mwisho usifie tu hewani. Saa la mwisho ndo sehemu ambayo ile sheria ya maneno inaweza kulegezwa, wakikubali wenye utafiti, kwa sababu mtu anarudi kwenye ulimwengu wenye watu na maneno. Orodha ya Johns Hopkins aliyoipanga Bill Richards, terapisti mkongwe wa vikao hivi, baada ya masaa yote ya Bach na Brahms na wenzao, inamalizia na Louis Armstrong. Mwanzoni niliona ni utani, mpaka nilipoona sura za watu wakivua vitambaa. Andika kitu chepesi, gitaa la mkono mmoja, mdundo wa kutembea, sauti kavu bila mwangwi mwingi, yaani mziki unaosikika kama uko kwenye chumba hichohicho walicholala.

Tetesi_za_Jana

Gitaa kavu mwishoni nakubaliana na MamaNoti kwa mara ya kwanza, piga picha.

FundiMita

PediNzito ukishapata zile njia tatu za kilele nirushie nizisikilize kwa kubadilishana moja kwenda nyingine, hapo ndo matatizo ya ufunguo na volyumu yanajitokeza. WAV tafadhali, faili lisilobanwa. Na majina ya faili yaandike kwa namba na neno linaloeleweka, terapisti hatakiwi saa tatu za kikao awe anatafuta tofauti kati ya "kilele_mwisho2" na "kilele_mwisho_KWELI".

PediNzito

Hahaha umejuaje majina ya faili zangu. Jumatatu nakutumia.